Programu ya majina ya watoto aliyolipia wifi yangu, na majedwali ya bure yanayoishinda

Nyota mbili kati ya tano. Ndizo ninazoipa programu ya simu ambayo wifi yangu aliilipia mimba yake ilipokaribia kutimiza miezi, ili imsaidie kumchagulia mtoto jina. Sitaitaja. Pamoja nayo nimeyapitia majedwali ya majina yanayotolewa bure na ofisi za takwimu za nchi kadhaa, na kwa maoni yangu mzazi mwenye simu na bando la kawaida anapata huduma bora zaidi huko kuliko kwenye programu ya kulipia.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya kazi yangu. Naoka keki, Makorora hapa Tanga, na nyingi ni za ubatizo, akika na arobaini. Jina la mtoto linapita mkononi mwangu mara nyingi hata kabla halijafika kwenye cheti cha kuzaliwa. Mama akinipigia kuagiza namwomba anitumie jina kwa meseji, asinitajie kwa mdomo, maana Jayden, Jaydan, Jeiden na Jaden kwa sikio ni mtoto mmoja, lakini juu ya keki ni watoto wanne. Rayan nimeshaiandika Rayyan, Raiyan na Rayaan. Mohamed ndiyo usiseme: kuna Muhammad, Mohammed, Mohamedi, na kila familia ina yake na haitaki kusikia nyingine. Tahajia kwangu ni mali ya mteja. Nikiikosea, keki inarudi.

Kwa hiyo wifi aliponionyesha programu yake nilianza kuangalia kitu hicho hicho: wanahesabu vipi majina yanayofanana? Hawasemi. Ukiifungua inakuuliza jinsia, dini na bara, kisha inakuletea orodha ndefu, na kila jina lina namba pembeni iliyoandikwa kwamba ni nafasi yake duniani. Hakuna mwaka, hakuna nchi, hakuna neno moja la kueleza namba imetoka wapi. Ina rangi nzuri, hilo nakubali, na ukilipenda jina unalibonyeza linahifadhiwa pembeni, jambo lililomfaa wifi akiwa amelala hana nguvu. Hizo nyota mbili ni za hapo.

Shida yangu kubwa ni hiyo nafasi ya dunia. Haiwezi kuwepo, kwa sababu nchi hazihesabu kitu kimoja. Chukua England na Wales. Ofisi yao ya takwimu, ONS, inahesabu kila tahajia peke yake, kama ninavyofanya mimi kwenye keki. Mwaka 2023 jina lililoongoza kwa wavulana lilikuwa Muhammad, watoto 4,661, likaipita Noah. Lakini hao ni wa tahajia hiyo moja tu. Mohammed lilikuwa peke yake nafasi ya 28, na Mohammad peke yake nafasi ya 68. Ukiwajumlisha unapata picha nyingine kabisa, na siyo mwaka huo tu, hata miaka ya nyuma ambapo jedwali lilimweka mtu mwingine juu. Sasa nenda Ujerumani. Huko orodha inayotajwa sana hutolewa na chama cha lugha ya Kijerumani, GfdS, kinachokusanya majina kutoka ofisi za usajili, na chenyewe kinaunganisha tahajia za jina moja: Sophia na Sofia ni mstari mmoja. Japani orodha maarufu ni ya kampuni ya bima, Meiji Yasuda, inayoangalia majina ya wateja wake yenyewe na ina kumbukumbu tangu 1912. Tena inatoa jedwali moja la jina linavyoandikwa na jingine la linavyotamkwa. Mtu akiyachukua haya yote akayamimina kwenye chungu kimoja akakupa namba moja, hajakupa kitu cha kukusaidia kumpa mtoto jina.

Na huko kwenye bara, ukichagua Afrika unapewa Afrika nzima kama kijiji. Kiyoruba, Kizulu na Kiswahili vimechanganywa, namba zikiwa zile zile. Ilhali Afrika Kusini wana takwimu zao: Stats SA hutaja majina yanayoongoza katika ripoti yao ya vizazi vilivyosajiliwa, na utakuta majina kama Lethabo, Enzokuhle na Onalerona, majina ya lugha zao wenyewe, yakiwa juu. Programu inayodai kujua dunia ingeanzia hapo. Nilitafuta humo Chausiku, Tatu, Mwanahamisi, Mhina. Hakuna hata moja.

Kuna na suala la pesa. Wifi alijua analipa mara moja. Kumbe salio lilikuwa linakatwa kila wiki, na sehemu ya kusitisha imefichwa ndani kabisa kwa Kiingereza. Aliwaandikia, hakujibiwa. Mjamzito anayehesabu nauli ya kliniki asifanyiwe hivyo.

Sasa nieleze kilichotokea kwa Florence, kwa sababu hapo ndipo nilipoamini kwamba majedwali haya yana faida halisi nyumbani.

Sisi ni Wabondei wa Magila, Muheza. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliingia kwetu karne ya 19, na pamoja na kanisa na shule wakatuachia majina ya Kiingereza ya zama zao. Ukikaa ibadani utawasikia wazee wanaitana Edith, Hilda, Agnes, Ernest, Arthur. Bibi yangu mzaa baba ni Florence. Kaka alipojua ni mtoto wa kike, mama akasema huyu awe somo wa bibi, na kaka akakubali palepale. Wifi hakutaka. Hakusema kwa ubaya, alisema tu, "Wifi, mwanangu ataitwa bibi tangu darasa la kwanza." Programu nayo ikamuunga mkono: mbele ya Florence imeandikwa jina la zamani, nafasi ya mbali huko chini.

Nikafungua jedwali la ONS la mwaka 2022. Florence lilikuwa ndani ya kumi za mwanzo kwa wasichana, England na Wales nzima. Ivy nalo limo. Kwa wavulana Arthur yuko ndani ya kumi za mwanzo, Arthur yule yule wa benchi la wazee wetu. Wifi alishika simu akasoma mwenyewe, akaniambia, "Hebu rudi nyuma, nataka kuona lilianza lini." ONS wana majedwali ya zamani pia, yanaruka miaka kumi kumi kuanzia 1904, halafu ya kila mwaka kuanzia 1996. Mwaka 1904 Florence lilikuwa kwenye kumi bora. Ukifika 1974 halimo hata kwenye mia za mwanzo. Kisha linarudi polepole hadi juu tena.

Watu wanaofuatilia majina wanaujua mwendo huu, wanasema jina huchukua kama miaka mia kuzunguka. Majina ya mama zetu yanatuchosha kwa sababu tumeyasikia mno. Majina ya mama wa bibi zetu yanapendeza upya, kwa sababu waliokuwa nayo hawapo tena na jina limebaki bila sura ya mtu. Ndivyo ilivyokuwa kwao. Kwetu hesabu imechelewa, kwa kuwa jina lilifika na wamisionari na likakaa vizazi vingine zaidi. Florence wa kwetu yupo, ana meno machache na anapalilia michungwa yake asubuhi. Kwa hiyo jina lile lile ni la kichanga London na la bibi Magila kwa wakati mmoja, na wote wawili wako sahihi. Programu iliyoandika jina la zamani ilipaswa kuuliza kwanza: la zamani wapi?

Bibi tulipomwambia kwamba huko Uingereza wanazaliwa akina Florence kila siku, alicheka kwanza, kisha akauliza wanabatizwa na Florence wa nani. Nilipenda swali lake kuliko majibu yote ya simu. Kwetu jina lina mtu nyuma yake. Somo wako anakuletea kanga, anakuja kukuosha ukiwa mwali, ukimkosea anakuita somo kwa sauti fulani unajua leo una kesi. Hakuna jedwali la nchi yoyote lenye safu ya hilo, na silaumu, ila mzazi ajue kwamba anaangalia nusu ya jambo.

Nyota tano nawapa Wamarekani. Wanaotoa ni Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, SSA, na historia yake inapendeza. Mwaka 1997 mtumishi wao mmoja wa hesabu za bima, Michael Shackleford, ambaye alikuwa amechoka kuwa Michael katikati ya akina Michael, alichambua rekodi za ofisi ili wazazi waone majina gani yamejaa. Na kweli yalijaa: Michael liliongoza kwa wavulana kila mwaka kuanzia 1954 hadi 1998, isipokuwa 1960 David lilipoingia. Leo SSA hutoa orodha mpya kila mwaka karibu na Siku ya Akina Mama, mwezi Mei.

Kwenye ukurasa wao unaandika mwaka, unachagua unataka majina 20, 100 au 1000, na unaweza kuomba idadi ya watoto au asilimia. Mimi nilipakua faili zima, MB chache tu, si zito kama video. Ndani mna faili dogo kwa kila mwaka tangu 1880, mistari mitupu bila pambo: jina, mkato, herufi ya jinsia, mkato, idadi. Mstari wa kwanza kabisa wa 1880 ni Mary,F,7065. Hao ni kama wasichana saba katika kila mia waliorekodiwa mwaka ule. Unashuka nayo miaka na Mary haitoki juu hadi 1946. Mwaka 1947 Linda linaichomoa, na watoto waliopewa Linda mwaka huo mmoja walikuwa karibu 100,000. Halafu ruka hadi 2023: linaongoza Olivia, na ni watoto 15,000 na kitu, hawafiki hata mmoja katika kila mia. Mary yenyewe siku hizi haimo hata kwenye mia za mwanzo.

Hapo nataka wazazi wenzangu wasimame kidogo. Namba moja ya 1947 na namba moja ya leo si namba moja zile zile. Zamani ukimwita mwanao jina linaloongoza, shuleni angekuta wenzake wengi. Leo Marekani wazazi wamesambaa kwenye maelfu ya majina, hivyo hata lililo juu kabisa ni la wachache. Wifi alikuwa anakata majina kwa sababu tu yako juu kwenye programu, akiogopa ni ya kila mtu. Laiti wangemwekea asilimia pembeni, asingekata hata nusu yake. Swali lenyewe kwa mama wa Tanga ni wangapi wanaitwa hivyo Makorora, Chumbageni na Ngamiani, na hilo atalijibu mwalimu wa chekechea kuliko SSA.

Faida ya pili ya faili la miaka yote ni kuona jina linapanda au linashuka. Jayden lilifika nafasi ya nne Marekani mwaka 2010, likarudia nafasi hiyo hiyo 2011, likiwa pamoja na ndugu zake wa mlio mmoja, Aiden, Brayden, Kaden. Kisha likaporomoka, na sasa halimo hata kwenye ishirini za mwanzo. Mimi Jayden naiandika kwenye keki mpaka leo. Simaanishi lina ubaya. Mtoto wa mteja wangu ni Jayden na nampenda. Namaanisha mzazi anayelichagua kwa kuwa ni jipya, aone kwamba lilikotoka wenye jina hilo wengi sasa ni vijana wa sekondari. Orodha ya mwaka mmoja haiwezi kukuonyesha hilo.

Kuna mambo mawili ya kuyajua kabla ya kuziamini namba zao. Jina lenye watoto chini ya watano kwa mwaka halionyeshwi, kwa ajili ya kulinda siri za watu, kwa hiyo kutoliona jina hakumaanishi halipo. Pia rekodi zinatokana na maombi ya kadi za hifadhi ya jamii, mpango ulioanza miaka ya 1930, ndiyo maana waliozaliwa zamani na hawakuomba kadi hawamo. Mary 7,065 ni wale walioingia kwenye rekodi, si wote.

Nilijisikia vizuri kukuta Imani, Nia na Zuri yamewahi kuingia kwenye elfu moja za Marekani. Imani na Nia yako pia kati ya nguzo saba za Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa 1966, ambayo nguzo zake zote zimepewa majina ya Kiswahili. Kwenye programu ya wifi Imani ilikuwa chini ya Uarabuni peke yake.

Wafaransa nawapa nne na nusu. INSEE, ofisi yao ya takwimu, wana rekodi tangu 1900, na unaweza kutazama jina kwa mkoa mmoja mmoja, kitu ambacho kwa mtu anayetaka kujua majirani zake ni kizuri kuliko wastani wa taifa. Nchi hiyo ina hadithi ya peke yake: sheria ya 1803 iliwabana wazazi kwenye majina ya kalenda na ya watu wa historia ya kale, ikalegezwa kidogo kidogo hadi ikaondolewa 1993. Hata kabla haijaondolewa, mwaka 1991 jina lililoongoza kwa wavulana lilikuwa Kevin, jina la Ireland lililobebwa na runinga na sinema. ONS nawapa nne kwa sababu majedwali yao yapo kwenye mafaili makubwa yanayosumbua kufunguka kwenye simu ndogo, na ya zamani yanaruka miaka. Yote haya, niseme wazi, hayana Kiswahili. Ila namba na majina hayahitaji mkalimani. Ukishajua safu ipi ni nafasi na ipi ni idadi, umemaliza.

Ningependa sana RITA, wakala wetu wa usajili wa vizazi, nao watutolee jedwali la majina kila mwaka kutokana na vyeti vya kuzaliwa, kwa mkoa, nione Tanga peke yake: Mwanahamisi imebaki wapi, Mhina na Mbwana wangapi, Rayan imepanda kiasi gani, na tahajia ipi ya Mohamed inaongoza Pangani. Nitakuwa wa kwanza kulipakua.

Mtoto amezaliwa, mzima, na ni Florence. Wifi ndiye aliyemwambia bibi, si mama wala kaka, na alimwambia kwamba amelitaka mwenyewe. Sitasema jedwali ndilo lililoamua. Lilichofanya ni kumwondolea hofu kwamba anamvika mtoto nguo ya mtu mwingine, na baada ya hapo maneno ya mama yakapata pa kuingia.

Kwa waliokwisha kujiunga na programu za namna hii: kuifuta kwenye simu hakusitishi makato. Ingia kwenye orodha ya huduma unazolipia ndani ya duka la programu uisitishe hapo. Kama inakatwa kwenye laini, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wako, waambie waondoe huduma zote za kulipia na wakuonyeshe orodha ikiwa tupu kabla hujatoka. Kaka alifanya hivyo na makato yakakoma, ingawa pesa iliyokwisha kwenda haikurudi.